Kutua mzigo wa mawazo: mambo madogo ya kufanya kila siku ukiwa Mwanza

Mabega yamepanda karibu na masikio, taya limekaza, pumzi inaishia juu kifuani, tumbo limejikunja. Huo ndio msongo wa mawazo, na mtu anaweza kutembea nao kutoka Buhongwa hadi Kirumba bila kujua kuwa anao. Ubongo ukihisi tishio, hata kama tishio ni meseji ya kukumbushwa marejesho tu, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, misuli inajiandaa kukimbia. Lakini hakuna pa kukimbilia. Umekaa kwenye daladala pale Buzuruga, foleni haisogei, na mwili umeshawasha injini yote.

Kosa la wengi ni kusubiri. Mtu anabeba mzigo Jumatatu hadi Jumamosi, kisha anaitegemea Jumapili imtulize, mara nyingi kwa chupa kadhaa za bia. Jumatatu mzigo uko palepale, na sasa una maumivu ya kichwa juu yake. Kinachosaidia zaidi ni vituo vifupi ndani ya siku hiyohiyo, vya dakika tano, kumi au ishirini, vinavyorudiwa hadi mwili uvizoee. Vyote vilivyoelezwa hapa vinafanyika kwa vitu vilivyopo nyumbani, kazini na kando ya ziwa.

Pumzi kwanza

Unapotoa pumzi, moyo hupunguza mwendo kidogo, unapovuta, huongeza. Kazi hiyo hufanywa na neva iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi moyoni na tumboni. Ukiirefusha pumzi inayotoka kuliko inayoingia, unauambia moyo utulie, na wenyewe hauna la kubishana.

Kaa, mgongo umenyooka bila kukakamaa. Kiti cha daladala kinafaa, kigoda kinafaa, ndoo iliyopinduliwa inafaa. Weka kiganja juu kidogo ya kitovu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu kimoyomoyo hadi nne, kiganja kisukumwe na tumbo. Toa kwa mdomo uliobana kidogo, kama unapoza uji wa moto, ukihesabu hadi sita. Usishikilie pumzi katikati. Pumzi moja ya namna hiyo huchukua kama sekunde kumi, kwa hiyo sita zinajaza dakika. Hesabu kwa vidole vya mikono yote miwili: ukimaliza vidole kumi mara tatu, umetimiza dakika tano. Simu usiitumie kuhesabia, maana ukiitazama saa utaiona na meseji, na kazi itakuwa imeharibika.

Watu hukosea mahali patatu. Kwanza, wanavuta hewa nyingi mno, kana kwamba wanajaza puto. Kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo inachonyota, na mtu anaogopa kuwa anaugua. Sababu ni kwamba ametoa kabonidayoksaidi nyingi kupita kiasi, na gesi hiyo ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo husinyaa. Dawa yake ni kupunguza ukubwa wa pumzi, hesabu ibaki ileile. Kosa la pili ni kuhesabu haraka, nne ikawa sekunde mbili. Ukijikuta unakimbia, hesabu kwa mwendo wa kasia: mvuvi anayepiga kasia akiwa hana haraka hachanganyi mapigo. La tatu ndilo baya zaidi: kuikumbuka pumzi siku ya kasheshe tu. Mwili usiozoeshwa wakati wa utulivu hautatii wakati wa moto. Fanya dakika tano asubuhi kabla ya kushika simu na tano jioni, kwa wiki mbili, ndipo uanze kuitegemea kwenye ugomvi.

Kwa dharura, mteja amekutukana au polisi wa barabarani amekusimamisha, iko pumzi fupi zaidi. Vuta kwa pua hadi mapafu yakaribie kujaa, ongeza kidogo tena juu yake kwa pua hiyohiyo, kisha achia yote taratibu kwa mdomo. Mara mbili au tatu zinatosha. Hata jirani uliyekaa naye hatagundua kitu, zaidi ya kudhani umeshusha pumzi kama watu wote.

Kuimba nako ni kurefusha pumzi inayotoka, ila mtu haoni kuwa anafanya mazoezi. Mazoezi ya kwaya, kaswida, hata kuimba ukifua, vyote vinahesabika. Wasukuma walilijua hilo shambani zamani. Katika bugobogobo jembe linapanda na kushuka kwa mdundo wa ngoma, na pumzi inafuata jembe. Kikundi kinalima ekari nzima bila kila mmoja kuhesabu jasho lake peke yake.

Misuli iliyojifunga

Kazi nyingi za Mwanza hufunga misuli ya aina moja kutwa. Wanaopara samaki pale Mwaloni, Kirumba, huinamisha shingo. Fundi cherehani hukunja mabega, bodaboda hukaza viganja na kiuno. Misuli ikikaa imekaza kwa saa nyingi, ubongo husoma kuwa hatari bado ipo. Kuilegeza kwa kuiambia "tulia" haisaidii. Inabidi kwanza uikaze kwa makusudi, ndipo ijue tofauti ya kukaza na kulegea. Daktari Mmarekani Edmund Jacobson alianza kuitumia njia hii mwanzoni mwa karne ya 20, na bado hospitali zinaifundisha.

Lala chali kwenye mkeka au kaa. Kunja ngumi kwa nguvu ya wastani, nusu ya uwezo wako, shikilia sekunde tano, kisha achia ghafla na uache mikono ilegee sekunde kumi na tano. Katika sekunde hizo kumi na tano usifanye kitu. Sikiliza tu joto linavyorudi viganjani. Halafu panda: mikono ya juu, mabega (yavute kuelekea masikioni), uso mzima ukikunjwa kama umelamba ndimu, taya, tumbo, mapaja, nyayo. Kila sehemu mara mbili. Zoezi lote ni dakika kama sita au saba.

Kwenye nyayo, vuta vidole kuelekea kwako. Ukivinyoosha mbele kwa nguvu, misuli ya shavu la mguu inaweza kubana na usiku wako ukaishia kwenye kukanda mguu. Mwenye ngiri au shinikizo la juu la damu asikaze tumbo wala kubana pumzi. Aruke sehemu hiyo. Na ukipitiwa na usingizi katikati, usijilaumu, umefika ulikokuwa unakwenda.

Miguu, upepo na mawe

Adrenalini iliyomwagwa ilikusudiwa miguu, basi ipe miguu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, yaani nusu saa kwa siku tano. Unaweza kuzigawa, dakika kumi asubuhi na ishirini jioni. Kipimo cha "wastani" hakihitaji kifaa: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kwenye vilima vyetu, kupanda ngazi za mawe za Igogo au Mabatini kunafikisha kipimo hicho kabla hujafika nusu ya mlima, kwa hiyo anayeanza aanzie kwenye tambarare.

Saa nayo ina maana. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hewa yake inapanda, na upepo wa ziwani unakuja kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ndiyo maana saa 10 alasiri ukisimama Capri Point kifua kinapokea ubaridi, na ndiyo maana wenye mitumbwi ya tanga huondoka na upepo wa alfajiri. Kwa matembezi ya kutuliza akili, toka saa 11 jioni. Jua Mwanza huzama karibu saa 1 jioni mwaka mzima, kwa tofauti ya kama nusu saa, kwa hiyo unapata saa nzima ya mwanga laini na bado unarudi barabara ikionekana. Barabara ya kando ya ziwa kutoka Capri Point kurudi mjini, huku Mwamba wa Bismarck ukiwa majini upande mmoja, haimdai mtu yeyote kitu. Aliye Nyegezi, Igombe au Pasiansi ana ziwa lake karibu, hana haja ya nauli.

Ukipata jiwe la kukaa, angalia mambo mawili. Saa 8 mchana mawe haya ya matale yana joto la kuunguza, kwani yamenyonya jua tangu asubuhi. Jioni joto hilohilo ni kama mkeka uliopashwa. Na jiwe lililo sawa na maji, lenye rangi ya kijani, usilikanyage kabisa. Ule ute ni mwani, unateleza kuliko sabuni.

Juu ya jiwe kavu fanya zoezi la kuirudisha akili mahali ilipo. Akili yenye msongo iko kesho au jana, haipo pale ulipokaa. Tafuta kitu kimoja kinachosogea na ukitazame dakika tatu bila kukipa maana. Mji wetu una kitu kizuri kwa kazi hiyo, mjusi wa kwenye mawe. Dume lake lina kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu nzito. Wataalamu wamempa hata jina la mji, *Agama mwanzae*. Anatoka juani, anasimama, anapiga pushapu nne tano kumtishia mwenzake, anageuza shingo, anatulia. Hesabu pushapu zake. Tazama rangi nyekundu inapokutana na ya buluu. Wazo la deni likija, na litakuja, usipigane nalo, rudi tu kwenye mjusi. Kurudi huko ndiko zoezi lenyewe, hata ukirudi mara ishirini. Wengi huacha siku ya kwanza wakisema akili yao haitulii, wakati akili ya nani ilishawahi kutulia kwa kuamrishwa? Jioni mijusi wakishaingia kwenye nyufa, tumia taa za mitumbwi.

Kuhusu maji yenyewe, tahadhari. Kutumbukiza miguu ziwani kunapendeza macho lakini kunaleta kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na huingia kupitia ngozi ndani ya dakika chache, bila kidonda chochote. Kuna sehemu zenye mamba na viboko pia. Kaa juu ya jiwe na viatu vyako.

Miguu iogeshe nyumbani. Chukua beseni, lita tano au sita za maji ya uvuguvugu ambayo kiwiko chako kinayavumilia bila kushtuka, loweka miguu hadi vifundoni kwa dakika kumi na tano, saa moja kabla ya kulala. Joto huvuta damu kwenye miguu, mwili wa ndani unapoa, na kupoa huko ndiko kunakoleta usingizi. Chumvi si lazima, wala majani ya aina yoyote. Mwenye kisukari amwombe mtu mwingine ayapime maji kwanza, maana nyayo zake zinaweza kuungua bila yeye kusikia.

Daftari la saa 11

Pumzi na matembezi hushusha mwili. Deni haliondoki kwa pumzi. Hapa ndipo ushauri mwingi wa kutuliza mawazo hukwama, kwa sababu unamwambia mtu mwenye mkopo wa kausha damu awashe mshumaa.

Nunua daftari dogo. Chagua dakika ishirini zilezile kila siku, jioni lakini si kitandani. Saa 11 inawafaa wengi. Wazo la kukera likija saa 4 asubuhi, liandike kwa maneno matatu na uliambie lisubiri saa yake. Utashangaa mangapi yanakuwa yamekufa yenyewe kufikia jioni. Saa ikifika, fungua ukurasa, chora mstari katikati. Kushoto andika yale yenye mkono wako, kulia yale yasiyo na mkono wako. Bei ya mafuta ya mashua iko kulia. Deni liko kushoto.

Chukua moja tu la kushoto. Tuseme ni mama anayekaanga sato, marejesho yake ni shilingi 36,000 kila Ijumaa, na kila Alhamisi usiku halali. Andika tatizo kwa namba, usiliandike kwa hofu: "36,000, Ijumaa, saa 4." Kisha njia zote zinazokuja kichwani, hata za kijinga. Kisha chagua moja na uigawe: 6,000 kwa siku, Jumamosi hadi Alhamisi, ndani ya kopo lisilo na mfuniko wa kufungua kirahisi. Andika siku na saa ya hatua ya kwanza. Faida haiko kwenye kopo peke yake. Jumatatu jioni akikuta 11,000 badala ya 18,000, anajua siku tatu nzima mapema, na anakwenda kuzungumza na kikundi kilichomkopesha akiwa na sauti ya kawaida. Anayekwenda Ijumaa saa 3 asubuhi anakwenda akiwa analia, na anayelia hupewa masharti mabaya.

Njia hii ya tatizo moja, njia nyingi, hatua moja, ndiyo moyo wa Benchi la Urafiki lililoanzishwa Zimbabwe mwaka 2006 na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda. Bibi wa mtaani aliyepata mafunzo hukaa benchi moja na mwenye mawazo, akamsaidia kuchagua tatizo na hatua. Washona wa Zimbabwe wana neno lake, *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Majaribio ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa waliokaa benchini walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida ya kliniki.

Huku kwetu benchi zipo tayari: kijiwe cha kahawa, kizingiti cha jirani, mchezo wa bao. Kinachokosekana ni kusema unachokitaka. Ukimwendea shangazi au rafiki, mwambie mapema, "Nisikilize tu kwanza, ushauri nitaomba." Usipomwambia, dakika ya pili utapewa habari za mtu mwingine aliyepatwa na makubwa zaidi, utarudi na mizigo miwili. Na chagua mtu mmoja. Grupu la WhatsApp la ukoo si mtu mmoja.

Kikombe, chupa na usiku

Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini. Kahawa ya saa 11 jioni, nusu yake bado inafanya kazi saa 4 usiku. Chai ya rangi inayo pia, kidogo kuliko kahawa, na vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyotumia madereva wa usiku vinakaribia kikombe cha kahawa kwa kila kopo dogo. Kikombe chako cha mwisho kiwe saa 8 mchana. Pombe inaharakisha kusinzia, kisha inavunja usingizi saa 9 usiku, na mawazo ya saa hiyo ndiyo mabaya kuliko yote.

Mtu mzima anahitaji saa saba hadi tisa. Amka saa ileile kila siku, hata Jumapili. Saa ya kuamka ndiyo inayopanga saa ya kulala. Ukikaa macho kama dakika ishirini, toka ndani ya chandarua, kaa kwenye kiti penye mwanga hafifu, fanya kitu cha kuchosha, kama kukunja nguo au kuchambua mchele, rudi usingizi ukija. Ukigaagaa kitandani hadi alfajiri, mwili unajifunza kuwa kitanda ni mahali pa kuwaza. Kwa muziki wa baa ya jirani, vipande vya pamba masikioni, na feni kama ipo, kwani sauti yake isiyobadilika hufunika ile inayobadilika.

Wavuvi wa dagaa wana shida ya peke yao. Wanavua usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka hawaingii ziwani kwa kuwa dagaa hawafuati taa. Kila mwezi saa zao zinageuka mara mbili. Usigeuze kwa siku moja. Siku za mwanzo wa mbalamwezi sogeza saa ya kulala mapema kwa saa moja au mbili kila siku. Ukilala mchana, ziba dirisha kwa blanketi zito (kanga inapitisha mwanga), na mwambie aliye nyumbani mlango usigongwe hadi saa uliyotaja. Dakika hizo za kuelewana na mke au mama zinafanya kazi kuliko dawa ya usingizi ya kununua dukani, ambayo hupaswi kuinunua bila daktari.

Mambo yanayohitaji hospitali

Maumivu ya kifua yanayobana, yanayosambaa mkono au taya, pamoja na jasho au kukosa pumzi, usiyaite msongo. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Huzuni, hofu au kukosa usingizi kukizidi wiki mbili na kazi ikaanza kuharibika, huo ni ugonjwa unaotibika. Anza kituo cha afya cha karibu, nao watakuandikia rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando ikibidi. Mtu akizungumzia kufa, au kuwa watu watapumua akiondoka, asiachwe peke yake na apelekwe siku hiyohiyo. Kumuuliza wazi, "Unafikiria kujiua?" hakumwingizii wazo ambalo hakuwa nalo; kunampa nafasi ya kujibu.

Nenda na lile daftari. Katika siku saba za mwisho liwe na saa uliyolala, saa uliyoamka, vikombe na chupa ulizokunywa, na dawa zozote unazotumia, za miti shamba pia. Daktari mwenye foleni ya watu arobaini nje ya mlango ataupitia ukurasa huo kwa dakika moja, na zilizobaki zitakuwa zako za kuongea.